Magaga ya Tairi

Kashata zipo, nilimwambia Luhende,
tazama, kidole kinazama.
Akacheka bila kuacha kutafuna muwa,
akapiga magoti gerejini kwake pale Igogo
kwenye vumbi jeusi lililoshiba oili,
akalibinya tairi la nyuma kwa viganja viwili
kama mtu anayemfumbua ng'ombe mdomo mnadani
kabla hajatoa pesa yake.

Likafumbuka.
Nyufa nyembamba, nyingi, ubavuni,
zimeifuata rimu mzunguko mzima,
zile zile za visigino vya mama
kiangazi, akitoka kuanika dagaa Igombe.
"Magaga haya," akasema.
"Ya mtu unapaka mafuta ya mgando.
Ya tairi hayana mafuta."

Akatema mate, akapangusa tope kwa gumba
hadi likatokea yai dogo la mpira
na ndani ya yai, namba nne.
Juma la kumi na nane, mwaka wa kumi na tano.
Mimi nilikuwa darasa la sita.
Na tairi nililinunua mwaka jana,
jipya, na karatasi yake ya njano,
kwa muuzaji wa Makoroboi aliyelitundika nje ya duka
likaota jua miaka yote hiyo kama pambo.
Nililipia uzee,
nikaomba nipunguziwe, nikapunguziwa, nikashukuru.

Basi hesabu.
Tajiri anataka elfu kumi kila jioni,
inyeshe isinyeshe.
Tairi, anasema, ni juu ya anayelichakaza.
Na Mbuke ana tumbo la miezi minane,
kule kliniki wamempa orodha:
glavu, pamba, mpira wa kulalia, wembe.
Nikamwambia Luhende: wiki moja.
Hakubisha. Alirudi kwenye muwa wake.
Wiki moja! Nimeliendesha neno hilo
mpaka nyuzi zake zimetokea.

Siku ya nne wingu likaja kutoka upande wa Ukerewe,
zito, linaburuta tumbo juu ya ziwa.
Nilikuwa nimempakia mama Nyamisi toka Mwaloni
na ndoo yake ya sangara,
tunakwenda juu, Bugando, kwenye mawe,
pale barabara inapopanda kama ngazi iliyosahauliwa.
Tone la kwanza, la pili. Nyuma ikacheza kidogo.
Kidogo tu, kama mtu aliyeshtuka usingizini.
"Simama."
Nikasimama.

Akashuka, akainama,
akapitisha vidole ubavuni mwa tairi,
akaufungua ufa mmoja kwa ukucha
namna anavyofungua shavu la samaki
kuona kama ndani bado pekundu.
"Huyu kalala," akasema.
"Mwanangu, huyu kalala siku nyingi."
Akanilipa nauli yote, mpaka juu,
akajitwika ndoo, akapanda kwa miguu
mvua ikimwagika, maji ya samaki yakimchirizika shingoni,
na mimi nimeshika usukani
pembeni ya jiwe kubwa kuliko nyumba yetu,
sina hata la kumwitia.

Niliteremka nikiisukuma. Injini nimezima.
Watu wa kijiweni wakauliza: mafuta yamekata?
Nikasema ndiyo.

Tairi jipya lina vinyweleo.
Sikuwahi kuvitazama. Vinasimama pande zote,
vinatekenya kiganja.
Namba nilizisoma kwanza, mara mbili,
Luhende akinimulikia kwa simu.
"Siku mbili tatu usililaze kwenye kona,
bado halijaijua barabara."
Elfu hamsini na tano; ishirini nadaiwa.
Lile la zamani akalichana ubavu, akautupa,
ile sehemu ya kashata akamkatia mama katambuga.
Mbuke aliposikia bei alinyamaza,
akaichukua ile orodha, akaikunja,
kisha akaikunjua.

Jumatatu mama Nyamisi alikuwa pale pale Mwaloni.
Aliinama. Alipapasa.
Hakusema neno.
Alinipa ndoo niifunge.